Mwami Havai, Huvalishwa

Kwa Eliane pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hapakuwa na kubisha hodi. Mpita njia alinyoosha shingo, akiona birika liko motoni anaingia, na asipoliona anaingia vilevile. Asubuhi chai na mandazi, jioni maharage, na katikati maneno. Ukitaka kujua nani kaposa huko mtaa wa Juru, nani jina lake limetoka la kwenda Amerika, na nani kakubali mahari huku amenuna, ulikaa kwenye benchi lake, ukanyamaza kidogo tu, yakakujia yenyewe. Eliane alikuwa akisema nyumba bila watu ni stoo.

Nyuma ya pazia alilala baba yake, Mzee Appolinaire. Upande huu watu walicheka, upande ule yeye akakohoa, na siku zikaenda hivyo.

Huko Kongo, milimani Kivu ya Kusini walikotoka, Appolinaire alikuwa na kazi moja, aliyoirithi kwa baba yake, naye baba akairithi kwa babu: kumvalisha Mwami, mfalme wao. Kila mwaka, kabla mbegu haijaingia ardhini, watu wote wa chefferie, nchi ya Mwami, walichanga, huyu kuku, yule kibaba cha mtama, ikanunuliwa nguo moja mpya, na mtu wa nyumba ya Appolinaire ndiye aliyeifunga mabegani mwa Mwami mbele ya macho ya wote. Mwami hanunui nguo. Mwami haombi nguo. Hata ulimi ulikuwa na adabu yake: hukusema Mwami "amevaa". Kuvaa anavaa kila mtu, hata mbuzi akifungwa kengele amevaa. Mwami anavalishwa. Ukisema Mwami amevaa umesema, kwa kifupi, kwamba Mwami hayupo tena, kiti ni kitupu. Watu walichapwa kwa kuteleza ulimi tu.

"Nguo ya mtu mmoja ni zawadi," Appolinaire alipenda kusema kwa Kiswahili cha kwao. "Nguo ya batu bote njo ufalme."

Na mvalishaji naye alikuwa na haki yake, moja tu. Siku akifa, Mwami humfunika kwa mkono wake mwenyewe. Mkono uliopokea maisha yote, siku hiyo unarudisha. Baba yake Appolinaire alifunikwa hivyo, na babu yake. Asiyefunikwa, walisema, anakwenda kwa wenzake kama mtu aliyefukuzwa kazi njiani.

Sasa Mwami mwenyewe aliuawa vitani. Aliyefika Nakivale ni mjane wake, Mwamikazi Goretti, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyekaa katika kijumba cha turubai nyuma ya soko na kuamua kesi za mahari na za mipaka ya mashamba juu ya kiti cha plastiki. Miaka ya kwanza ya ukimbizi walimvalisha, tena kwa ngoma. Mgao wa chakula ulipokatwa, ngoma ikanyamaza na nguo ikakoma. Misimu miwili ilipita hivyo. Ukipita wa tatu, desturi ilikuwa wazi: mkono wa Mwamikazi unakuwa mkono tu, haufuniki mtu.

Na Appolinaire alikuwa amevimba miguu. Daktari wa kliniki alimwambia Eliane amrudishe nyumbani, ampikie kile anachopenda. Eliane hakuuliza mara mbili. Alichotaka baba yake hakikupikwa: alitaka kufunikwa. Basi Mwamikazi lazima avalishwe, tena upesi.

Jumapili baada ya misa akaijaza nyumba.

"Batu yangu," alianza, sinia la mandazi mkononi, maana alijua njaa haisikilizi. "Mvua iko karibu. Mwamikazi hajavalishwa. Munataka tupande mbegu kama wezi?"

Parfait, kijana wa bodaboda mwenye ulimi wa kasi kuliko pikipiki yake, alichukua andazi kwanza. "Dada Eliane, mimi nauliza tu. Anataka kitenge gani? Wax ya Hollande?"

"Hata ya Chine. Ikuwe mpya tu."

"Mpya! Mimi hii suruali niliikuta iko na jina ya Mzungu mu mfuko." Watu wakacheka. Parfait akatoa simu. "Muangalie. Hata kule Ulaya batu banalalamika. Malkia akivaa kofia, kesho banauliza ilitoka wapi na nani alilipa. Na bale banakula nyama! Sisi hata maharage banatupimia kwa kijiko."

"Kwetu hatuna mwami, tuna ng'ombe," alisema Sebagabo, Mnyamulenge aliyewauzia maziwa, ambaye kesi haikumhusu lakini mandazi yalimhusu. "Ng'ombe haiombi nguo, na maziwa inatoa."

"Hata hapa Ankole," mwingine akadakia, "ufalme haukurudishwa. Muliona pembe za ng'ombe zao zimefupika?"

Kicheko tena. Yvette, Mama Junior, jirani wa Eliane, mwanamke mnene mwenye moyo mweupe, akasimama. "Muache upumbavu! Parfait, mahari ya dada yako, nani aliisuluhisha? Ni batu ba ofisi? Ofisini wangekupa namba, mupaka leo ungekuwa unangoja. Mwamikazi alikaa na baba zenu tangu asubuhi bila kunywa maji."

"Nilisema asante, Mama Junior. Asante haivalishwi." Parfait alifuta mafuta mdomoni. Aliona nyumba nzima inamtazama, na mtu akitazamwa na nyumba nzima hana breki. "Franchement, tuseme kweli, kuvalishwa ni kitu gani? Mtoto mudogo njo anavalishwa. Mama anamushika mukono, anamuingiza mu nguo. Akikomaa anajivalia! Huyu Mwamikazi wetu, atakomaa lini?"

Nyumba ikapasuka. Watu walipiga mapaja, Sebagabo alipaliwa na chai, na Eliane, aliyejua hapaswi kucheka, aliyekuwa na baba nyuma ya pazia, alicheka mpaka sinia likatikisika mikononi. Ilikuwa inachekesha. Mungu amsamehe, ilikuwa inachekesha kweli.

Kicheko kilianza kufa upande wa mlangoni, kikafa mtu mmoja mmoja mpaka kikamfikia yeye. Mwamikazi Goretti alikuwa amesimama pale, papai mkononi, la mgonjwa. Kitenge chake kilikuwa kimepauka mpaka maua yake yamekuwa mavumbi. Aliinama, akaweka papai juu ya benchi polepole kama mtu anayelaza mtoto, akasema, "Muendelee," akaondoka.

Nyuma ya pazia Appolinaire alikohoa, kisha akauliza, "Kulikuwa nani?"

"Hakuna, Papa. Muuza papai."

Kesho yake Eliane hakuweka birika motoni. Watu walipita, wakanyoosha shingo, wakaona jiko baridi, wakashangaa. Yeye alikuwa na gunia begani, anaingia nyumba kwa nyumba. Hakuhubiri. Alikaa, akasikiliza habari za mgonjwa, za mjukuu, za mbuzi aliyepotea, kisha akafungua gunia na kusema, "Kikombe kimoja tu. Ya Mwamikazi." Na ajabu ni hii: walitoa. Waliocheka ndio waliotoa kwanza. Huyu kikombe cha maharage, yule mayai, bibi mmoja wa mtaa wa Rubondo akatoa kichane cha ndizi na kulia. Sebagabo, ambaye hana mwami, alitoa samli. Hata Parfait alikuja mwenyewe, hakushuka kwenye pikipiki. "Dada, nitakupeleka Mbarara bure na mizigo yako," alisema, akitazama usukani. "Lakini usimwambie mutu nilikuwa nataka."

Mjini Mbarara waliuza vyote, na Eliane akaingia maduka ya vitambaa ya Nyamityobora kama mtu anayechagua mkwe. Alinusa, akavuta pembe, akaangalia upande wa nyuma kama rangi imefika. Alipata kitenge cha bluu ya usiku chenye ndege wa dhahabu. Alipokikunja kwenye mfuko, alijisikia mrefu. Akilini alimwona baba yake amelala kimya, na mkono mrefu wa Mwamikazi ukimvutia nguo mpaka kidevuni.

Alikuwa anakata kona kumfuata Parfait aliposikia sauti anayoijua.

Ilikuwa kwenye nguo za mitumba, zilizomwagwa juu ya turubai chini. Mchuuzi, Mnyankole mnene, alikuwa anapiga makofi: "Nyabo, mama, kuja! Hii mivumba iko grade ya kwanza! Hii nguo yako kabisa, ona, hata kifungo moja haijapotea!"

"Punguza kidogo," sauti ilisema. "Mikono imeilima pesa hii."

Goretti alikuwa amelivaa tayari juu ya nguo zake, gauni la kijani lenye kola, la mwanamke fulani wa Ulaya. Alitoa pesa kwenye pindo, mchuuzi akapokea. Imekwisha.

"Mwamikazi!" Eliane alikuwa amefika bila kujua amekimbia. Alimshika mkono, kisha akauachia kwa hofu, kwa kuwa Mwamikazi hashikwi. Kiganja kilikuwa na malengelenge. "Mwamikazi, nini hii? Mikono uliifanya nini?"

"Nimelima kwa mutu huko Kakiika." Goretti alijaribu kutabasamu. "Sijui kulima, Eliane. Mwenye shamba alinicheka. Lakini alinilipa."

"Lakini tuko na nguo! Ona!" Akaufungua mfuko, kitenge kikamwagika mikononi mwake, bluu na dhahabu, na mchuuzi akapiga mluzi. "Batu bote, Mwamikazi! Kikombe kikombe. Hata Parfait. Vua hii kitu, hakuna aliyeona."

Goretti aligusa ndege mmoja wa dhahabu kwa ncha ya kidole.

"Ni nzuri," alisema. "Weye umeona. Na nyumba yenu, ya bavalishaji, njo macho ya batu bote."

"Ni juu ya kicheko? Ilikuwa mchezo! Batu wana njaa, wanacheka!"

"Hapana. Yule kijana alisema kweli." Aliketi juu ya furushi la mitumba kama mtu aliyechoka tangu zamani. "Unajua Mwamikazi asiyevalishwa anaishi namna gani? Kulima ni mwiko, batu wataona aibu. Kuomba ni mwiko. Kununua ni mwiko. Misimu hii yote nilifagia nyumba siku ya mbegu, nikakaa kwa kiti, mulango wazi. Hakuna aliyekuja. Nikafunga mulango, nikalala na njaa, nikingoja nguo. Mimi si Mwamikazi, mimi si mutu. Nilikuwa mulangoni tu." Akanyoosha kola ya gauni. "Munasema nguo yangu ni mzigo. Kweli. Lakini muliubeba siku moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa ndani yake."

Eliane alikikumbatia kitenge kifuani. Kisha akasema lile alilokuwa nalo moyoni. "Na Papa?"

Hapo uso wa Goretti ulibadilika. Alikuwa hajamsahau. Alikuwa amejaribu kumsahau.

"Umufunike kwanza," Eliane alisihi. "Halafu utoke kwa kiti. Nitanyamaza. Mimi Eliane, nitanyamaza!"

Hata Goretti alicheka kidogo kwa hilo. Kisha akakunja mikono yenye malengelenge mapajani. "Nitakuja," alisema.

Eliane akanyamaza kweli, na kunyamaza huko kulimkondesha kuliko njaa. Mwamikazi alipokuja, nyumba ilijaa kama zamani, maana habari ya kitenge ilikuwa imezunguka kambi nzima. Mlangoni Eliane alimtupia kitenge cha bluu mabegani upesi, gauni la kijani likafunikwa karibu lote, na wanawake wakapiga vigelegele. Mvalishaji mwenyewe hawezi kusimama, walisema, binti amefanya kwa niaba yake.

Pazia lilifunguliwa. Appolinaire hakuona vizuri tena, lakini mikono yake iliona. Alipapasa pindo, akasugua kitambaa kati ya vidole viwili, akafuata mshono hadi begani. Machozi yalimtoka kwa urahisi, kama ya mtoto.

"Ni mpya," alisema. "Batu bote?"

"Batu bote, Papa," Eliane alisema, na hilo halikuwa uongo.

"Nilijua. Nilijua hamutaniacha."

Parfait alikuwa anatazama kiatu chake. Na Yvette, Yvette mwenye moyo mweupe, aliyekuwa amefurahi kupita kiasi, akaona kola ya kijani imechungulia juu ya bluu, akapiga kofi. "Na gauni ya ndani pia! Jameni, muangalie, Mwamikazi wetu leo amevaa!"

Vijana hawakusikia kitu. Wao walizaliwa kambini au walikuja wakibebwa. Kwao neno ni neno. Lakini wazee waliokuwa ukutani waligeuza vichwa, na vidole vya Appolinaire vikasimama palepale kwenye kitambaa.

"Nani alisema amevaa?"

"Ni mimi, Papa, ulimi wangu, nisamehe," Yvette alisema, mkono mdomoni. "Nilitaka kusema..."

Lakini vidole vilikwisha kuanza kusafiri. Viliingia chini ya bluu, vikakuta kola, vikakuta kifungo cha plastiki, vikakuta ulaini wa nguo iliyofuliwa nchi nyingine mara nyingi sana.

"Hii ya chini," mzee aliuliza polepole, "nani alikuvalisha?"

Eliane akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, dogo, lenye herufi nne: sisi. Watu wote wangelikubali. Nusu yao wangeliapia. Alimtazama Goretti, na macho yake yalikuwa yanasema tafadhali.

Goretti alimtazama pia. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona.

"Nimejivalia, Papa."

Appolinaire aliachia kitambaa. Alivuta mkono wake taratibu, akauweka kifuani. Kilichofuata watu walikisimulia kila mmoja kwa namna yake, lakini Eliane alikuwa karibu, na alisikia: baba yake hakulaani, hakulia.

"Ukae, mwanangu," alisema. "Umesimama mingi."

Mwanangu. Maisha yake yote hakuwahi kumwita Mwamikazi hivyo, wala hangethubutu.

Kisha akaomba ageuzwe aangalie ukuta.

Hakukaa sana baada ya hapo. Aliondoka asubuhi moja wakati Eliane akichochea uji, kimya, kama mtu asiyetaka kusumbua. Nyumba ilijaa tena, safari hii mpaka nje, mpaka barabarani. Wakamwosha, wakamlaza mkekani, na kitenge cha bluu kikawekwa kando, kimekunjwa. Hakuna aliyekigusa. Kila mtu alikuwa anatazama mlango.

Goretti alikuja amevaa gauni la kijani. Watu walimpisha njia kwa mazoea tu, wakaacha nafasi hadi mkekani, lakini hakuipita. Alikata kushoto, akaenda kwa wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, akatafuta kisu.

Ni Parfait aliyemfuata. Ule ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe. "Mwamikazi. Mimi ni mjinga. Njoo umufunike mzee. Tunakuomba bote."

"Bote munaniomba?"

"Bote!" watu waliitika, na waliitika kwa kweli, hata ndani ya ule msiba sauti ilikuwa kubwa. Kama wangeliitika hivyo mwaka uliopita, Eliane aliwaza. Kama ningeliita mimi mwaka uliopita, badala ya kupika chai.

Goretti alitikisa kichwa. "Nikimufunika leo, nitamudanganya mbele ya baba zake. Yeye alijua nguo. Hawezi kwenda na ya uongo." Alichukua ndizi, akaanza kuimenya. "Binti yake amufunike. Mukono wa binti si mudogo."

Basi Eliane alikichukua kitenge, akamfunika baba yake mwenyewe. Alikivuta hadi kidevuni kama alivyokuwa ameota, ila mkono ulikuwa wake, mfupi, wenye harufu ya kitunguu. Hakujua kama amemvalisha au amemfunika tu. Hakukuwa na wa kumuuliza. Aliyejua alikuwa chini ya nguo.

Walimzika mchana. Mvua ilianza kunukia, na wengi waliaga mapema kwa sababu mbegu haingoji, wala msimu huo hakuna aliyeuliza kama imebarikiwa. Wanawake walibaki kuondoa masufuria. Sufuria kubwa la maharage lilikuwa halijashushwa motoni, na Yvette alihitaji mtu wa upande wa pili.

"Mama..." aliita, akigeukia Goretti, kisha akakwama.

Mama nani? Pale kila mwanamke ni mama wa mtu: Mama Junior, Mama Umwiza, Mama Pacifique. Mtoto wa Goretti alifia njiani, kwa homa, kabla ya mpaka. Na jina la mtoto aliyelala porini halitiwi mdomoni mwa mama yake kila saa ya kazi. Cheo alikuwa amekivua. Wanawake walisimama na vitambaa vya kushikia moto, wakitafutana kwa macho, na hakuna aliyepata neno la kumwita.

"Goretti," alisema mwenyewe. "Nilibatizwa Goretti."

Walisikia. Midomo ilijaribu, haikuweza; ilikuwa kama kuambiwa umkanyage mtu aliyelala. Moshi uliwapita usoni. Maharage yalianza kuungua chini, harufu ikapanda, na mwishowe Eliane, aliyejua jina la kila mtu kambini, hadi la mbwa wa kituo cha polisi, akainama, akashika upande wake wa sufuria.

"Weye," alisema, bila kuinua macho. "Shika huku."

Goretti akaja, akashika.